Wiki ya mwisho ya fildi: mbu wa kiangazi Lupiro

Alhamisi

Leo tumetega kwa mara ya mwisho. Gari la mradi limetuchukua Ifakara mchana, nyuma tumebanana na betri, mitego na ndoo ya vikombe vya karatasi, tukaelekea kusini. Bonde la Kilombero mwezi Septemba ni vumbi. Mpunga umeshavunwa, mabua yamechomwa, ng'ombe wanatafuna kilichobaki, na mgeni akiambiwa kwamba masika hapa huwa ni maji mpaka macho yachoke, atadhani anadanganywa. Ndiyo maana wenzangu darasani walinicheka niliposema likizo hii nakwenda kusoma mbu wa malaria. Kiangazi? Utahesabu mbu gani?

Wapo. Swali la fildi yangu lilikuwa hilo hilo: madimbwi ya mvua yakikauka, nani anabaki kazini?

Kwenye Daraja la Magufuli, juu ya mto Kilombero, dereva amepunguza mwendo, kama anavyofanya kila siku, akatuonyesha tena pale kivuko kilipokuwa kikigota. Daraja lina mita 384 na limefunguliwa 2018. Kabla ya hapo, anasema, ukichelewa upande huu unalala upande huu, hata kama mgonjwa wako yuko upande wa pili. Nimeshazisikia hadithi zake zote za kivuko na bado namwacha aendelee, kwa sababu akinyamaza anawasha redio.

Lupiro tumefika jua likiwa bado kali. Kutega kwenyewe hakuna maajabu. Mtego wa CDC ni taa ndogo, feni ndogo, kikombe cha wavu chini yake na betri ya volti 6. Unautundika kando ya kitanda, upande wa miguu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Mvuto mkubwa hautoki kwenye taa, unatoka kwa mtu aliyelala ndani ya chandarua: pumzi yake, jasho lake, joto lake. Mbu anakuja kwa ajili ya mtu, anazunguka akitafuta pa kupenya, taa inamvuta pembeni, feni inamnyonya. Kwa hiyo kila mtego una mwenye kitanda aliyekubali kwa saini au kwa dole gumba kulala na ngurumo ya feni usiku kucha, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye ripoti mtu huyo anaitwa "kaya".

Nyumba nyingi tunazotega ni za tofali za kuchoma na bati, lakini kati ya ukuta na paa kuna mwanya unaopitisha mkono. Hewa inapita, moshi unatoka, mbu anaingia. Ukisimama ndani jioni na kutazama juu, unaona mbingu ya rangi ya chungwa kwenye ule mwanya, na unaelewa kwa nini mlango ukifungwa mapema haisaidii kitu.

Ijumaa

Tumeamka saa kumi usiku ili tuwe Lupiro kabla watu hawajaenda shamba na kabla sisimizi hawajafika kwenye vikombe. Sisimizi ndio washindani wetu wakubwa. Wakiwahi, unakuta mabawa matupu.

Baada ya kuifunga midomo ya vikombe tunapita ukutani na kifyonza cha betri kutafuta waliolala ndani. Hiki ndicho kipande cha kazi nilichokipenda kuliko vyote. Unawasha tochi ya kichwani, unamulika nyuma ya mlango, chini ya nguo zilizotundikwa, pembe za giza juu ya kabati. Mbu wa kawaida wa chooni, kulekisi, anakaa ameulaza mwili sambamba na ukuta. Anofelesi, yule wa malaria, anakaa kichwa chini, makalio juu, mwili mzima umeinama kwa pembe. Ukishamwona mmoja hutamchanganya tena na mwingine. Leo nyuma ya khanga moja nyekundu nimewakuta kadhaa wamejipanga, wadogo, weusi, matumbo yamejaa damu ya usiku wa jana. Wamelewa damu kiasi kwamba hata mwanga hauwashtui. Hao tumewabeba wazima, tumewawekea pamba yenye maji ya sukari ya asilimia 10 juu ya vikombe na taulo mbichi kuvifunika wasikauke njiani. Wana kazi Jumatatu.

Kwenye nyumba ya mwisho bibi alikuwa nje anaosha sufuria. Shikamoo, marahaba, umelalaje, tumelala salama. Nilimwambia kwamba leo mtego tunaubeba moja kwa moja, haturudi tena kutega, tunashukuru sana. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza bila hasira yoyote:

"Haya mjukuu wangu. Na hao mbu wetu mliokuwa mnawabeba, wamesema nini?"

Nilimwambia nitarudi wiki ijayo nimletee jibu. Mwenzangu alinitazama kwa jicho la pembeni. Kwenye gari akaniambia ratiba haina safari ya Lupiro wiki ijayo, gari linakwenda kwenye mradi mwingine.

Mchana kutwa maabara. Waliotoka mitegoni tunawaua kwa baridi kwenye friza, tunawamwaga kwenye sahani nyeupe, halafu hadubini. Kwanza unatenga dume na jike: dume ana papasi zenye manyoya kama brashi, na dume hang'ati. Kisha majike, kulekisi huku, anofelesi kule. Anofelesi jike ana vipapasa vya mdomoni virefu sawa na mrija wa kunyonyea, ndiyo alama ya kwanza. Halafu miguu. Anofelesi tunaowatafuta ni wa makundi mawili. Kundi la gambiae lina madoadoa miguuni. Funestus miguu yake ni myeusi mitupu. Kila anofelesi anaingia kwenye kijichupa chake chenye punje za silika za kumkausha, na namba yake. Kichwa na kifua vitakwenda kupimwa kama vina vimelea vya malaria, miguu na mabawa vitakwenda kwenye kipimo cha vinasaba, maana kundi la gambiae lina ndugu wanaofanana kiasi kwamba hadubini haiwezi kuwatenganisha.

Sahani ya leo ni kama sahani zote za kiangazi hiki: kulekisi wamejaa, anofelesi wa kuhesabika, na kati ya hao wachache karibu wote ni weusi miguu mitupu.

Jumamosi

Kufua. Kununua mchele wa kupeleka nyumbani, maana ukitoka Ifakara mikono mitupu mama hatakuelewa. Logi buku ina kurasa ambazo msimamizi bado hajazitia saini, nimezipanga.

Jumapili

Mama mwenye nyumba ametoka kanisani, tumekaa barazani tunachambua maharage. Ni mzaliwa wa hapa hapa Ifakara, na kwa mambo ya utafiti anajua mengi kuliko mimi, kwa sababu ameishi ndani yake. Wazungu wa Basel, Uswisi, walikuja kwanza na mtafiti Rudolf Geigy, na 1957 maabara ikafunguliwa karibu na hospitali ya misheni, ile ya Mtakatifu Fransisko. Wakati huo walikuwa wakishughulika zaidi na kupe na mbung'o. Leo Taasisi ya Afya Ifakara inaongozwa na kuendeshwa na Watanzania na ina vituo hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, lakini kwa mama mwenye nyumba bado ni "kule kwa wadudu".

Akanikumbusha vyandarua vya Zuia Mbu. Mimi nilivijua kwa kusoma: mradi wa KINET, kuanzia 1996, wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa ya kuchovya viliuzwa madukani, na 2001 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet. Vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Yeye alivijua kwa kuvichovya. Kila baada ya miezi kadhaa unanunua pakiti ya dawa, unachanganya kwenye beseni, unachovya, unaanika kivulini. Aliyekuwa hachovyi, anasema, alijulikana mtaa mzima.

"Na matokeo mlipewa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Matokeo si watoto hawa?" Akaonyesha kwa kidole cha maharage kijana wake wa mwisho, mwanamume mzima mwenye bodaboda, aliyekuwa anapiga mswaki saa tano asubuhi.

Sikuwa na la kuongeza. Hata hivyo bibi wa Lupiro hana jibu la namna hiyo kwa mitego yetu. Chandarua unakiona. Mtego unakuja na kuondoka.

Jumatatu

Leo wale weusi wa nyuma ya khanga, pamoja na wenzao wa siku za karibu, wameingia kwenye mirija ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya kupimia usugu wa dawa. Ni mirija ya plastiki inayounganishwa miwili miwili: wenye doa jekundu una karatasi yenye dawa, wenye doa la kijani hauna kitu, ni wa kupumzikia. Unawanyonya mbu kwa mrija wa mdomo, ishirini hadi ishirini na tano kwa kila mmoja, unawapuliza upande wa kijani, unawatazama kwanza kama wote ni wazima, kisha unawahamishia upande mwekundu. Dakika 60 hapo. Karatasi tulizotumia ni permethrini ya asilimia 0.75 na deltamethrini ya asilimia 0.05, zote za jamii ya pairethroidi, ambayo ndiyo dawa iliyopakwa kwenye vyandarua vya kawaida nchi nzima. Mirija mingine mbu walikaa kwanza saa nzima na PBO ya asilimia 4, kemikali ya kuisaidia dawa. Na mirija ya udhibiti, ya kulinganishia, yenye karatasi ya mafuta tu.

Fundi wetu wa maabara ni mzee aliyeifanya kazi hii tangu sijazaliwa. Huwa hagusi simu mbu wakiwa mirijani. Kila dakika chache anainama, anahesabu waliodondoka, ananitajia namba bila kugeuza kichwa, mimi naandika. Dakika 10 hakuna kitu. Dakika 20 mmoja anateleza ukutani, anajaribu kupanda, anateleza tena. Kufika dakika 60 wengi wa kwenye permethrini wako chini, chali, miguu imekunjwa, mmoja anazunguka palepale kwa bawa moja. Nilisema, basi wamekufa. Mzee akafunga mrija wa kijani, akaweka pamba ya sukari juu.

"Subiri kesho," akasema. "Mbu wa siku hizi ni waigizaji."

Jumanne

Chumba cha kufugia mbu ni joto la nyuzi 27 na unyevu wa kukulowesha shati. Nimeingia kabla ya saa ishirini na nne kutimia, nikakaa kwenye kigoda mbele ya rafu.

Walikuwa wamesimama. Si wote, lakini wengi kuliko waliolala. Yule wa kuzunguka kwa bawa moja sikuweza kumtambua tena, labda alikuwa miongoni mwa waliokufa, labda ndiye aliyekuwa ananyonya pamba. Kipimo cha WHO hakina huruma: wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado inafanya kazi, wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Wetu hawakuikaribia hata hiyo 90. Kwenye deltamethrini hali ileile. Kwenye mirija ya PBO karibu wote wamekufa. Kwenye ile ya udhibiti wako hai, kwa hiyo hakuna wa kusema joto la gari ndilo lililowaua.

Msimamizi alipokuja aliziangalia namba, akasema "sawa na tulivyotarajia", akaendelea na kikao chake. Ni kweli, si habari mpya. Usugu wa funestus kwenye bonde hili umeshaandikwa na watafiti wa hapa. PBO si sumu ya kumuua mbu kwa dozi ile. Kazi yake ni kuzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu anavitumia kuivunjavunja dawa mwilini. Vikizuiwa, dawa ile ile iliyoshindwa jana inamuua leo. Kwa hiyo matokeo yangu yamesimama pale pale waliposimama wengine, na kwenye sayansi hilo lina thamani yake. Ila nakiri nilitoka mle chumbani nikiwa na hamu ya kumweleza mtu, na watu wote jengo zima walikuwa wanalijua tayari.

Asiyelijua ni bibi. Nimekwenda kumwomba msimamizi gari, au ruhusa ya kwenda kwa njia zangu. Gari hakuna. Ruhusa ipo, kwa masharti matatu: nipite kwanza kwa mtendaji wa kijiji, nisiseme chochote ambacho hakimo kwenye data, na nisiwaambie watu watupe vyandarua. Hilo la mwisho alilirudia.

Jumatano

Wasilisho. Ukumbi mdogo, projekta, watafiti waliokaa na laptopu zao wazi na wanafunzi wenzangu wa fildi wakisubiri zamu zao kwa hofu. Nilianza na kiangazi. Nikaonyesha kwamba madimbwi ya jua, nyayo za ng'ombe na mashimo ya tofali ambako arabiensis, mmoja wa ndugu wa kundi la gambiae, anapenda kutagia yamekauka, lakini funestus hategemei mvua kiasi hicho. Yeye anatafuta maji yanayokaa: visima vidogo vya chemchemi, mabwawa ya asili, mikono ya mto inayotembea polepole yenye majani pembeni. Maji hayo yapo mwaka mzima. Tafiti za bonde hili zinamhesabia yeye zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria ingawa kwa idadi yuko nyuma ya wengine mbali. Gambiae mwenyewe, aliyekuwa mfalme wa hapa zamani, alitoweka karibu kabisa vyandarua viliposambaa, maana alikuwa anauma ndani usiku wa manane na kutua ukutani, akakutana na dawa kila upande. Aliyebaki ndani ni huyu mweusi, na huyu dawa haimtishi.

Maswali yalikuwa ya haki. Mmoja aliuliza kuhusu umri: mbu wa kukamata ukutani hujui ana siku ngapi, na mbu mzee hufa kirahisi zaidi kuliko kijana, kwa hiyo usugu halisi unaweza kuwa mkubwa kuliko ninavyoonyesha. Mwingine aliuliza idadi ya kaya. Mwingine kwa nini sikutumia dozi mara tano na mara kumi kupima ukali wa usugu. Nikajibu karatasi hazikuwapo, akacheka, akasema hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote aliyosikia asubuhi hiyo.

Hakuna aliyeuliza kama kaya zimeambiwa. Sisemi kwamba hawajali. Baadhi yao wamefanya mikutano ya vijiji kuliko ninavyoweza kufikiria. Ila swali hilo halina nafasi kwenye fomu ya tathmini. Fomu inauliza mbinu, uchambuzi, uelewa, mwonekano wa slaidi. Logi buku ya chuo ina sehemu ya "changamoto" na "mapendekezo", mistari minne kila moja. Nadhani ingekuwa na mstari mmoja tu wa "nani amerudishiwa matokeo, na lini", nusu yetu tungeuacha wazi na tungeona aibu, na aibu hiyo ingetupandisha bodaboda.

Alhamisi

Bodaboda ni ya yule kijana wa mama mwenye nyumba. Amenipunguzia nauli kwa masharti kwamba nimpigie picha akiwa katikati ya daraja.

Mtendaji tulimkuta ofisini, akanisikiliza, akamwita mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akatuma mtoto akawaite wenye kaya waliokuwa karibu. Walikuja wachache, tukakaa chini ya mwembe nyuma ya ofisi. Bibi alikuja na kigoda chake mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri, yakanipotea, nikaanza na mbu wenyewe. Nilikuwa nimebeba mbu wawili wakavu kwenye vijichupa, mmoja kulekisi, mmoja funestus, na kioo cha kukuzia. Vikapita mkono kwa mkono. Nikasema: huyu mkubwa wa kahawia ndiye anayejaa mitegoni, ndiye anayekupigia kelele sikioni, anazaliwa kwenye vyoo na maji machafu. Malaria haenezi. Huyu mdogo mweusi ndiye. Usiku mmoja anaweza kuwa mmoja tu chumbani mwako au asiwepo kabisa, na kwa sababu ni wachache watu wanadhani kiangazi malaria imelala.

Mzee mmoja akakishika kioo muda mrefu. "Kwa hiyo miaka yote tumekuwa tunamlaumu mpiga ngoma."

Nikaeleza la dawa. Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi, nikakumbuka onyo la msimamizi. Nikasema dawa ya kwenye vyandarua vingi mlivyonavyo haimuui tena huyu mweusi kama zamani. Mwanamke mmoja akasema, wameizoea. Nikamwambia mbu mmoja mmoja hana muda wa kuzoea. Anaishi wiki chache. Ila kila kizazi, wale waliozaliwa na uwezo wa kuivunja dawa ndio wanaobaki kutaga, wasio nao wanakufa, na baada ya miaka ya dawa moja ileile mnabaki na watoto wa wale walioshinda. Lakini chandarua hata dawa yake ikichoka bado ni ukuta. Hapiti kwenye kitambaa kizima. Anapita kwenye tundu, kwa hiyo sindano na uzi vina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Na vipo vyandarua vipya: vyenye PBO, vilivyopimwa Muleba kule Kagera, matokeo yakatoka 2018, na vyenye dawa mbili tofauti, vilivyopimwa Misungwi, Mwanza, ambako mwaka wa pili watoto waliolalia vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na dawa ya kawaida walikuwa na malaria pungufu sana kuliko wa vyandarua vya kawaida. Vikigawiwa kliniki au shuleni, soma maandishi ya pembeni, usikigeuze kuwa wavu wa kuku.

Wakacheka, maana banda la kuku la mwenyekiti lilikuwa mbele yetu na lilikuwa limezungushiwa chandarua.

Kisha swali ambalo nilijua litakuja. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama muda wote: "Sasa nyinyi mnajua haya yote, kwa nini mnaleta mitego tu, hamleti hivyo vyandarua?" Sikumpa maneno ya mzunguko. Nilimwambia mimi ni mwanafunzi, sina chandarua hata kimoja cha kugawa, na anayegawa ni serikali kupitia mpango wa taifa wa malaria. Kinachosukuma serikali kuchagua aina gani ipelekwe wapi ni namba kama hizi zilizotoka vitandani mwenu. Alinisikiliza. Hakuonekana ameridhika, na sioni kwa nini angeridhika.

Bibi hakuuliza kitu mkutanoni. Tulipokuwa tunaagana alinivuta pembeni, akataka nimwangalizie chandarua chake. Tukaenda. Kilikuwa na tundu mbili kubwa upande wa ukutani, ambako mwili hugusa. Tumeshona pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, naye akanisahihisha mishono mara kwa mara kwa sababu nilikuwa naweka mbalimbali. Aliponipa mkono wa kwaheri alisema, haya, sasa wamesema.

Ijumaa

Basi la alfajiri. Mang'ula kumekucha, milima ya Udzungwa upande wa kushoto imefunikwa ukungu, na kuanzia Kidatu majivu ya miwa yanaelea hewani na kutua kwenye vioo, msimu wa kuchoma mashamba. Mikumi tumeingia lami kuu. Ndani ya hifadhi kuna vibao vya faini kwa kila mnyama utakayemgonga, na jirani yangu, mfanyabiashara wa mchele, alisoma bei ya kila mmoja kwa sauti kama anayepiga mnada. Twiga watatu walikuwa kando ya barabara. Hakuna aliyetoa simu isipokuwa mimi.

Logi buku imetiwa saini na muhuri. Ripoti ya chuo inataka sura tano na ukurasa wa shukrani, nitaianza nikifika. Kwenye basi nimeandika kitu kingine kwa simu: ukurasa mmoja wa kubandikwa zahanati na ofisi ya kijiji, una picha ya mbu wawili, nini tulitafuta, nini tulikuta, nini hatukupima, na namba ya mtendaji kwa mwenye swali. Msimamizi aliupitia kwa njia ya ujumbe tukiwa Morogoro, akafuta sentensi mbili zilizokuwa zinaahidi zaidi ya data, akaniruhusu niutume.

Kabla ya Chalinze mtendaji alikuwa ameshajibu. Amesema utabandikwa Jumatatu, ila nirudie na kukuza herufi, wazee wausome bila miwani. Na mwenyekiti anaomba sentensi ya banda la kuku iondolewe.

Herufi nimekuza. Banda la kuku nimeliacha pale pale.